Kisanduku cha Malkia

Wenzake wakishikwa na wivu hugombana na simu za waume zao: meseji iliyofutwa, namba isiyo na jina, mtu kila akipigiwa anatoka nje eti mtandao haushiki ndani. Mama Pazia hakuwa na neno na simu ya mumewe. Namba ya siri aliijua, na mume akiwa bafuni aliipokea na kujibu mwenyewe. Kilichomnyima raha mwanamke yule ni televisheni.

Na alikuwa mtu wa raha zake, msije mkamdhania. Alishona mapazia kwenye chumba cha barabarani, meza kubwa ya kukatia katikati, vitambaa vizito vimeegemea ukutani, akichangia chumba hicho na Bi Vifungo, mama mtu mzima anayeshona sare za shule na kufuatilia maisha ya kila mtu. Mtoto hakuwa naye. Hilo jina la Mama Pazia alibandikwa na wateja, akalipenda. Aliolewa akiwa ameshaacha kuwaza habari za kuolewa, na fundi wa mafriji, mwanamume mpole aliyewahi kuwa na mke wakaachana. Akahamia kwa mume na wiki hiyo hiyo akabadilisha mapazia ya nyumba nzima. Yale ya mke aliyemtangulia aliyachanachana akayafanya matambara ya kupigia deki. Kila akipiga deki alisikia raha ambayo mwanamke mwenye adabu hapaswi kuisema.

Televisheni ndiyo hakuigusa. Angejuaje kwamba hata televisheni ina wenyewe?

Mume alikuwa akilipia ule mtandao wa filamu na tamthilia ambao ukiufungua unakuuliza kwanza, nani anaangalia. Chini ya swali panatokea visanduku, kila kimoja na picha na jina, ili kila mtu awe na vipindi vyake, na akiachia katikati leo, kesho akute alama palepale alipoishia. Kwao visanduku vilikuwa vitatu. Cha kwanza kiliandikwa Fundi. Cha pili kilikuwa na paka aliyevaa taji, kikaandikwa Malkia. Cha tatu kilikuwa na uso wa kijivu usio na macho wala mdomo, kikaandikwa Mgeni, na huyo ndiye yeye. Mume alikifungua siku ya kwanza alipomkaribisha nyumbani, kabla hata hawajachumbiana, ili aangalie filamu yake kwa nafasi. Ndoa ikaja, mapazia yakabadilishwa, vyombo vikanunuliwa vipya, na Mama Pazia bado ni Mgeni kwenye televisheni ya nyumba yake.

"Malkia ndiye nani?" aliwahi kuuliza mwanzoni kabisa, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Ah, ni wa zamani huyo," mume akasema. "Hajafutwa tu."

Hajafutwa tu. Utadhani vitu hujifuta vyenyewe. Hilo halikumtoka Mama Pazia. Kwa sababu yeye mume alimwita "wewe". Wewe, chumvi iko wapi. Wewe, umeme umerudi. Hakumwita kwa ubaya, ni mazoea yake, lakini mtu aliyewahi kumwita mwanamke Malkia si bubu, majina anayo. Hilo ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani kila akiosha vyombo.

Jioni moja, mume akiwa anaoga, akakifungua kile kisanduku. Kupiga chabo tu, alijisemea, kisha natoka. Akakuta tamthilia ndefu ya ndugu wawili wanaogombania hoteli ya marehemu baba yao, na alama imesimama katikati ya sehemu mojawapo. Kesho yake akachungulia tena. Alama imesogea. Siku iliyofuata imesogea zaidi. Maana yake yule mwanamke, huko aliko, bado anaingia. Anajilaza kwenye kochi lake, anafungua mlango wa nyumba ya mwenzake na kuangalia kitu kinacholipiwa na mume wa mtu, na hakuna wa kumuuliza.

"Mwambie mumeo abadilishe namba ya siri ya huo mtandao," Bi Vifungo alimwambia, uzi mdomoni.

"Nikimwambia atajua nachungulia."

"Basi acha kuchungulia."

"Nikiacha nitajuaje?"

Bi Vifungo akautoa uzi mdomoni. "Mwanangu, wewe unaumwa. Mtu anaangalia tamthilia, hajakuchukulia mume."

"Tamthilia ziko kila mahali. Kwa nini aje kuangalia kwangu?"

Bi Vifungo akaurudisha uzi mdomoni.

Mama Pazia akafanya ambacho mtu mwenye akili zake timamu asingefanya. Akarudi kwenye kisanduku cha Mgeni na kuianza tamthilia ile ile tangu mwanzo, ili amjue mwenzake kwa anachokipenda. Bahati mbaya ikamnogea. Lakini hata utamu wenyewe ulikuwa na mwiba. Mtu akisema jambo la kuchekesha, aliwaza, hapa Malkia alicheka. Yule kaka mkubwa mwenye mabega alimchukia bila sababu, kwa vile alikuwa na hakika Malkia anampenda. Mpaka mapazia ya hoteli yenyewe aliyaona mabaya.

Ndipo uchokozi ukamwingia. Jioni moja, mume hajarudi kutoka kazini, alifungua kisanduku cha Malkia, akaruka mpaka sehemu ya mwisho, akaiacha icheze yote. Alama ikahamia mwisho kabisa. Sasa fungua, mama, alisema peke yake sebuleni, uone mwisho kabla ya mwanzo.

Kesho yake jioni mume alirudi akipiga mluzi. Alileta mfuko wa machungwa, akaosha mwenyewe sahani yake, akasimama mlangoni mwa jikoni akimtazama mkewe akikausha vikombe.

"Leo umependeza," akasema.

Mama Pazia alikuwa amevaa dera la kazini lenye nyuzi kila mahali. Alijikaza asicheke. Mume alipoingia kuoga akaenda kuchungulia: alama imerudishwa nyuma. Kumbe mwenzake si wa kuchezewa. Akaisukuma tena mbele. Siku iliyofuata ikawa imerudi, na mume bafuni anaimba, mtu ambaye hata kwenye harusi yake hakuimba. Ikawa ndiyo mtindo. Mama Pazia anasukuma, mtu anarudisha, na nyumba imejaa furaha.

"Ndoa yangu imepata ujana," alimwambia Bi Vifungo. "Mwanamume naye anahisi, akipiganiwa anajua."

"Amejuaje, na wewe unapigana kisirisiri?"

"Wanahisi tu."

Lakini baadaye akagundua jambo. Alama ilikuwa hairudishwi ovyo. Kila siku ilirudishwa mahali pamoja tu: pale mke wa yule ndugu mdogo anaporudi hotelini usiku wa mvua, anasimama mlangoni na kuuliza kama bado ana nafasi. Mara ya kwanza unaweza kusema imetokea tu. Ikijirudia huwezi. Yule mwanamke anatuma salamu, Mama Pazia akawaza, anampigia hodi mume wangu ndani ya televisheni yangu. Usiku huo alilala macho yakiwa wazi, na asubuhi alikata pazia la mteja likawa fupi.

Bi Vifungo alijua Malkia anafanya kazi wapi. Bi Vifungo alijua kila mtu anafanya kazi wapi. Lilikuwa duka la miwani, upande wa pili wa soko. Mama Pazia alifunga kazi kabla ya mchana na kwenda, amejipanga maneno njia nzima. Akakuta mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye miwani iliyomkaa vizuri, jambo lililomuudhi. Kabla hajafungua mdomo alishakalishwa kitini na kubebeshwa fremu nzito puani.

"Karibu, dada. Tazama zile herufi. Hivi ni bora, au hivi?"

"Ya kwanza."

"Na sasa? Hivi, au hivi?"

"Uache kuangalia televisheni ya nyumba yangu," Mama Pazia akasema, fremu ikiwa bado usoni.

Mkono wa yule mwanamke ukasimama hewani. Kisha akaitoa fremu taratibu, akavuta kigoda, akakaa.

"Kumbe ni wewe," akasema, na hakusema kwa dharau. "Dada, sijaangalia televisheni hiyo tangu niondoke. Nilijaribu mara moja tu, siku za mwanzo, namba ya siri ikanikataa. Alishaibadilisha. Nikasema sawa, nimeelewa. Mimi sasa nina mtu wangu, na yeye anapenda mpira."

"Ile ya ndugu wawili wa hoteli. Kila siku inasogea."

Yule mwanamke akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

"Hiyo tuliianza wote," akasema. "Alikuwa anapita nyumbani mchana, akitoka kutengeneza friji za watu, tunakula huku tunaiangalia. Hakutaka niendelee bila yeye. Niliondoka hatujaimaliza." Akafuta tena. "Na kweli macho yako yanahitaji miwani, dada. Sikusemi."

Mama Pazia alitoka bila kuaga. Mchana yeye hakuwahi kuwa nyumbani. Alikula kazini na Bi Vifungo, miaka yote. Alitembea haraka, kisha polepole, kisha haraka tena. Pikipiki ya mume ilikuwa nje. Muziki wa ile tamthilia ulitokea dirishani, ukipita katikati ya mapazia aliyoyashona kwa mikono yake.

Mume alikuwa kwenye kochi, sahani mapajani. Jioni huwa anakaa katikati, amejitawanya. Sasa alikuwa amejibana pembeni kabisa, na upande wa pili ameacha nafasi ya mtu.

"Umewahi leo," akasema, mkono ukitafuta rimoti.

"Usizime."

Hakukaa kwenye ile nafasi. Alivuta kiti cha plastiki akakaa karibu na mlango.

"Hukuniambia kama unaipenda hii."

"Si kitu. Niliianzia humo, basi nikaendelea humo. Alama iko humo."

Mama Pazia akakubali. Uvivu wa wanaume aliujua, na huu ulifanana nao. Alihisi mzigo unamshuka, mpaka akajionea aibu kwa vurugu zake zote, akaona bora atubu yaishe.

"Basi nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa naisogeza mbele. Nilidhani yule mwenzangu ndiye anayeangalia, nikataka kumkera."

Mume akaacha kutafuna. "Wewe?"

"Mimi."

"Zile siku zote?"

"Zote."

Alimtazama mkewe, akatazama televisheni, na uso wake ukazimika kama chumba umeme ukikatika. "Nilidhani ni yeye," akasema. Wala hakuwa anamwambia mtu. Lilimtoka tu.

Machungwa. Mluzi. Leo umependeza. Vyote vikarudi kimoja kimoja na kujipanga mbele ya Mama Pazia, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Mume alikuwa akicheza na Malkia. Alikuwa akimrudishia alama pale pale mlangoni, kwenye mvua, amwambie nafasi ipo. Yeye alikuwa ametumwa tu kupokea machungwa.

"Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema namba ya siri ilimkataa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Niliirudisha ile ya zamani."

"Lini?"

Mume akainamia sahani yake.

Kisha aibu ikamshika mwanamume. Aliweka sahani chini, akachukua rimoti, akaenda kwenye visanduku. Akambonyeza Malkia amfute. Televisheni ikauliza kama ana uhakika, akakubali haraka bila kusoma, na paka mwenye taji akaondoka. Hakuishia hapo. Kwa pupa ya mtu anayefuta maji aliyoyamwaga, akaenda kwa Mgeni na kuanza kulifuta jina, herufi moja moja, mpaka nafasi ikabaki tupu na kijistari kinawaka na kuzima.

"Hili nalo ni aibu," akasema. "Si ungeniambia mapema."

Kidole kikazunguka juu ya herufi. Kikasimama. Kikazunguka tena. Mama Pazia alishika kingo za kiti kwa mikono miwili. Majina alikuwa nayo, ameyapanga tele akiosha vyombo, mengine ya heshima, mengine ya chumbani, na lolote kati ya hayo lingemtosha. Lolote hata ambalo hakuliwaza. Alitaka tu litoke kwa mumewe.

Mume akamgeukia.

"Niandike nani?"

Mkewe alisubiri kidogo, huenda mume akajijibu mwenyewe. Mume naye alisubiri, rimoti mkononi, uso mpole kama siku zote.

"Rudisha lile lile," Mama Pazia akasema.

Mume akaigeukia televisheni na kuanza kuandika, herufi moja moja. Hakubisha hata kidogo.