Wafadhili wa Maktaba ya Baba

Maktaba ya baba yangu ilinukia gundi ya unga wa muhogo iliyochanganywa na mafuta ya taa. Gundi ilikuwa ya kubandika migongo ya vitabu iliyobanduka, na mafuta ya taa yalikuwa ya kuwakatisha tamaa mende, ambao waliipenda gundi ile kuliko sisi tulivyopenda bukari, ugali wetu. Harufu hiyo ilinifuata mpaka darasani, wenzangu wakaniita Petroli. Ilikuwa maktaba ya tawi la chuo kikuu mjini Kolwezi, nayo ilikaa ndani ya jumba lililokuwa zamani klabu ya wahandisi wa mgodi, kwa hiyo wanafunzi waliazima vitabu kwenye kaunta ya baa. Baba, Tata Kabeya kama watu walivyomwita kwa heshima, alisimama nyuma ya kaunta hiyo na tai yake nyeusi, na hakuna mwanafunzi mpya aliyepewa kitabu kabla ya kusikiliza historia yote. Mfadhili wa kwanza alikuwa mhandisi Mzungu aliyekimbia vita, akaacha riwaya za upelelezi na vitabu vitatu juu ya kupogoa mawaridi. Wa pili alikuwa padri mzee aliyetoa riwaya za mapenzi baada ya kung'oa kwa mkono wake kila ukurasa aliouona haufai, hata ikawa watu wanasalimiana ukurasa wa arobaini, na ukurasa wa hamsini tayari wana mapacha. “Hiki ni chuo kikuu,” baba aliwaambia wanafunzi waliolalamika. “Yaliyokosekana mtayafikiria wenyewe.”

Nilikuwa na miaka kumi mambo yalipoharibika. Mgodi uliporomoka, kampuni iliyokuwa ikitulisha ikayumba, na wenye maneno mengi wakapata wa kulaumiwa: sisi watu wa asili ya jimbo la Kasai. Babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, nami nilizaliwa mtaa wake wa Manika, lakini tuliambiwa turudi kwetu, mahali nilipopajua kwenye ramani ya ukutani tu. Familia zikaanza kuhamia stesheni na kungoja treni. Kila mmoja alichagua cha kubeba: sufuria, godoro, cherehani. Vitabu ni vizito na havipikiki, basi vikaanza kuonekana sokoni, vikichanwa kufungia karanga. Baba aliposhika karanga zilizofungwa ndani ya ukurasa wa jiometri, hakuzila. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatangaza kwamba yeyote anayeondoka alete kitabu kimoja maktabani, na jina lake litaandikwa katika daftari la wafadhili wa chuo kikuu.

Alitegemea walimu wawili watatu. Walikuja watu wote. Miwani ya baba ilikuwa imekaliwa na mjomba, hivyo kazi ya kuandika ilikuwa yangu; nilikaa juu ya kiti kirefu cha baa, nikimuuliza kila mtu maswali yale yale mawili. Waliniletea nyimbo za kanisa, vitabu vya hesabu, kitabu cha simu cha mji ambao simu zake zilikuwa zimekufa. Mama Ngalula, muuza maandazi asiyejua kusoma, alileta maelezo ya cherehani yaliyoandikwa kwa Kijerumani. Baba aliyageuza juu chini.

“Mama, hii hata mi siwezi kuisoma.”

“Hata mi, Tata. Tuko sawasawa,” alijibu. Kisha akaegemea kaunta na sauti ikapungua. “Bananifukuza. Nyumba banakamata. Lakini jina yangu ibakie hapa, hapa Kolwezi. Andika, mutoto.”

Baba akasema maelezo hayo yatawekwa kwenye rafu ya ufundi. Niliandika NGALULA kwa herufi kubwa, naye akapitisha kidole juu ya wino kabla haujakauka. Alama ya kidole hicho ilibaki pale.

Alhamisi moja asubuhi wakaja vijana sita na marungu. Kiongozi wao aliitwa Mwepu, kijana mwenye mabega mapana aliyewahi kusoma mwaka mmoja chuoni na kuacha. Alisema mali ya Wakasai yote inatoka leo, na bitabu hibi bitaenda sokoni. Baba alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa rafu. Mimi sikuwa jasiri. Niliogopa kiasi kwamba kichwa kilibaki na maneno yale yale niliyokuwa nimeyarudia wiki nzima. Nikainua kalamu.

“Jina yako ni nani? Na unaleta kitabu gani?”

Mwepu alisimama kama aliyeitwa ubaoni. “Mwepu,” alisema. “Mwepu Jean.” Wenzake wakamtazama. Akatazama daftari, safu ndefu ya majina, akauliza: “Na hawa bote ni banani?”

“Wafadhili wa chuo kikuu,” baba alisema, akisogea tena kwenye kaunta. “Wakasai, Wakatanga wenyeji, Wazungu. Mwenye kitabu anaandikwa.”

“Na Ngalula wa maandazi naye ni mufadhili?”

“Rafu ya ufundi,” baba alijibu.

Hilo lilimuuma: muuza maandazi yumo, yeye hayumo. Aliondoka akiwaamuru wenzake wasiguse kitu, akarudi anatokwa jasho, na kitabu kinene cha kemia mkononi. Baba alikifungua ukurasa wa kwanza, akakisogeza karibu na macho yake yasiyo na miwani. Nami niliona: palikuwa na muhuri wa maktaba yetu wenyewe. Mwepu alikuwa amekiazima miaka mitatu nyuma. Baba alikifunga.

“Andika,” aliniambia.

“Andika mukubwa,” alisema Mwepu.

Tangu siku hiyo alikaa mlangoni na rungu lake, na kundi lolote lililokuja lilijibiwa: “Hapa hapana. Iko na jina yangu.” Lakini ulinzi wa rungu hilo haukufika nyumbani kwetu, wala hatukuutaka. Baba alimkabidhi msaidizi wake mwenyeji, Tata Kasongo, funguo na dumu la mafuta ya taa, nasi tukaenda stesheni. Tulilala pale wiki tatu juu ya saruji. Mdogo wangu aliugua akapona. Watoto wengine hawakupona, wakazikwa karibu na reli. Treni ilipopita stesheni ya Lubudi, baba alifungua tai yake, akaikunja, akaiweka mfukoni. Sikumwona tena akiifunga.

Mwaka jana nilirudi Kolwezi kwa mara ya kwanza, mwalimu mwenye mvi, nimealikwa kuzungumza na wanafunzi. Klabu ya wahandisi sasa ni ghala la madini. Maktaba mpya ina kompyuta, ina kiyoyozi, haina mende, na ukutani pana kibao cha shaba chenye jina la kampuni moja tu. Vile vitabu vya zamani, pamoja na daftari, Tata Kasongo alivitunza mpaka alipofariki, na vimefungiwa kabatini chumba cha nyuma. Wanafunzi hawavisomi, na siwalaumu; vingi havikusomeka hata enzi zetu. Wao wanaingia na kutoka bila kuwaza kwamba mtu anaweza kunyimwa mji huu, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Siku niliyofika, mlinzi kijana alinizuia mlangoni.

“Mama, unatoka wapi?”

Kwa miaka mingi swali hilo limenifanya nitafute maneno. Safari hii sikutafuta. “Mi ni wa hapa,” nilisema. “Wa Manika.”

“Sawa, Mama,” alijibu bila kuinua macho. “Lakini sakoshi inabakia inje. Hata ya bantu ba hapa.”

Nikamwachia mkoba, nikaingia nikicheka peke yangu.