Shangazi Nani-Kasema

Shangazi yetu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu akauhamishia ukarani wake kwenye Biblia. Kila Jumatano aliwafundisha akina mama kanisani namna ya kuisoma. Ukikuta "kwa hiyo," alisema, rudi nyuma ukaone ni kwa lipi. Ukikuta "ninyi," uliza ni akina nani hao, usijitie tu kama mgeni asiyealikwa. Na kubwa kuliko yote: nani anasema? Maana katika faili moja la kesi kuna maneno ya mlalamikaji, ya mshtakiwa na ya shahidi mwongo, yote kwa wino uleule. Wakambandika jina la Nani-Kasema. Hakuchukia, nadhani lilimpendeza.

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuvuta pumzi hata moja. Siku ya nne mzee mmoja wa kanisa alikuja kutoa pole, akamsomea mstari: kwamba hakuna asiye na kosa aliyewahi kuangamia. "Jichunguze, binti," akamwambia, kisha akanywa chai yetu. Tangu hapo mdogo wangu akaugeukia ukuta. Hali, hanywi, chozi halimtoki. Alikuwa akipekua makosa yake tangu utotoni, akitafuta lililomuua mwanawe. Mimi nilitamani kumfuata yule mzee na ufagio.

Nilipomweleza Shangazi, alisema tu, "Mwiteni tena."

Mzee akaja Jumamosi, tukaketi sote chumbani kwa mdogo wangu. Shangazi akavaa miwani.

"Baba, ule mstari uliomletea huyu, nani kasema?"

"Biblia imesema."

"Biblia imeandika. Mimi namuulizia msemaji. Kuuliza si ujinga."

Mzee akafungua Ayubu, sura ya nne, akapanda na kidole hadi mwanzo wa sura. "Elifazi," akasema.

"Rafiki yake Ayubu, aliyekuja kumpa pole. Haya, nenda sura ya mwisho. Mungu anamwambia nini huyo Elifazi?"

Akasoma, sauti ikizidi kufifia: Mungu amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo kweli. Namsifu kwa hili, hakujitetea. "Nimekosa, binti," alisema. "Nilikuletea maneno aliyoyakataa Mungu mwenyewe."

Mdogo wangu akageuka. "Nipeni nisome."

Akasoma mwenyewe, mara mbili, polepole.

"Basi si mimi, Shangazi?"

"Si wewe, mwanangu."

Akanitazama, akauliza kama tulimfunika mtoto vizuri siku ya kumzika, maana yeye alikuwa bado hospitali. Nikamwambia tulimfunika kwa lile blanketi la njano alilolinunua mwenyewe. Ndipo akamlilia mwanawe.