Onyo Lililokwama Kwenye Telefone

Mdogo wangu alizama mbele ya Kigwena, na mimi nilikuwa nimeshika telefone yenye onyo ndani yake, halifunguki. Kiduara kinazunguka tu. Wimbi la pili lilipindua boti. Nilishika bidoni, dumu la mawese, likaniweka juu ya maji. Yeye hakupata cha kushika.

Saa moja kabla ya hapo tulikuwa tunacheka. Tulitoka Kabonga na mawese, ziwa limetulia. Telefone ikalia: ujumbe wa sauti wa prezida wa komite yetu ya ufukwe, kule Rumonge, anayetutumia maonyo ya ziwa.

"Kaka, anasema nini?"

"Haijafunguka. Rezo iko kidogo, mtandao hauvuti."

"Acha ifunguke polepole. Huyo muzee, kabla ya kufika kwenye upepo, atasalimia mpaka mbuzi."

Tukaendelea na safari.

Zamani onyo halikuja hivyo. Lilikuja kwa maandishi, mara mbili, kutoka laini mbili. La kwanza: "Upepo wa kusini, tokeni majini." La pili: "Mawimbi saa nane, ingieni pwani." Ukipata yote mawili, ulijua upepo unatoka wapi na unafika saa ngapi. Ukipata moja, ulijua nusu, lakini ulitoka majini. Desturi hiyo tulirudi nayo kutoka kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mtu akituma habari nyumbani aliwapa wasafiri wawili, kila mmoja na maneno yanayotosha peke yake, maana mmoja angeweza kupotelea njiani.

Kisha prezida akaleta fundi wake wa telefone. Mkutanoni fundi alisema kutuma mara mbili ni kupoteza bure. Sauti moja safi inatosha, na asiyejua kusoma atasikia. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, akauliza, "Na ikikatika njiani?"

Prezida akamjibu, "Mama, wewe anika ndagala. Mashine utuachie sisi."

Watu wakacheka. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilinyoosha mkono kukubali, kwa sababu kusoma kulinichosha. Hilo ni langu, silikatai. Wakaijaribu uani mwa ofisi, mnara wa rezo uko hapo juu ya vichwa vyao. Ikafunguka mara moja.

Baada ya matanga nilimfuata fundi. Akanieleza bila kunitazama: sauti ile hukatwa vipande vingi, kila kipande kinasafiri peke yake, na telefone inavingoja vyote. Kimoja kikipotea kisirudi, vilivyofika ni kazi bure.

"Ulijua hayo tangu mkutanoni?"

"Nilijua. Nilimwambia prezida twende kujaribu ziwani kwanza. Akasema hana muda."

Basi ninawataja. Fundi, aliyejua akafunga mdomo mbele ya watu. Prezida, aliyekosa muda. Na mpaka leo maonyo yanatumwa vilevile, sauti moja ndefu, na asubuhi hii nimeona boti tatu zikielekea kusini.

Prezida alikuja kwangu na sukari, akasema ni mapenzi ya Mungu. Sukari nimeirudisha. Mungu hakukaa kwenye ile komite. Prezida, simama ufukweni, mbele ya wenye boti na wajane wa waliozama, utujibu: kwa nini ulikataa kujaribu kitu chako ziwani, ukamwachia ndugu yangu akujaribie?