Mtihani wa Mdomo

Mama humwita dada yangu Injinia. Dada akimweleza kwamba injinia ni mtu mwingine, na kwamba yeye kazi yake ni usanifu wa majengo, Mama hujibu, "Haya, msanifu, lakini hapa mtaani nani atakuelewa?" Kesho yake jirani akipiga hodi utamsikia tena: "Injinia wangu kajilaza, msimpigie kelele." Na kweli atakuwa kajilaza kwenye kochi, viatu miguuni, mkoba bado uko begani.

Niseme mapema kwamba mimi ni msusi, na habari za mitihani hunichefua. Dada alimaliza chuo kikuu mimi nikiwa bado nasuka wanasesere. Tukadhani ndiyo amekwisha kuwa msanifu. Wapi! Ukitoka chuo unafanya kazi chini ya mwenye leseni kwa miaka, kisha unafanya mitihani ya bodi ya wasanifu, na mpaka uifaulu yote huna ruhusa ya kuweka jina lako kwenye mchoro. Dada alichora, Bosi wake akapiga muhuri. Njia ya sokoni kuna jengo la ghorofa nne ambalo kila dirisha lake kalichora yeye. Lilipokuwa likijengwa, ubao wa pale mbele uliandikwa jina la Bosi kwa herufi kubwa kama kichwa changu. Nilikuwa nikipita nausonya, tena kwa sauti.

Mitihani ya kuandika aliimaliza, mmoja baada ya mwingine, huku asubuhi akiwahi kazini na jioni akirudi hoi. Ukabaki wa mdomo. Unakaa mbele ya watu watatu wa bodi, unatandaza mezani michoro ya kazi ulizofanya, nao wanakuhoji. Huo alikuwa ameanguka mara mbili. Wa tatu ndio wa mwisho, na ukianguka, yote uliyofaulu yanafutwa, unaanza upya.

"Nikianza upya nitakufa," aliniambia, wala hakuwa na utani.

Kilichomwangusha kilikuwa kimoja, na bodi walimwambia bila kuficha: hawamsikii yeye, wanaisikia ofisi. Wakimuuliza kwa nini nguzo iko hapa, anasema "ofisi iliona vyema". Kwa nini ngazi iko kule, "tulielekezwa". Amemwitikia Bosi miaka yote hiyo hadi neno "mimi" limemkauka kinywani.

Siku chache kabla ya mtihani akaja saluni nimsuke. Nikaona leo nimempata, hana pa kukimbilia.

"Nani aliamua mlango huu ufungukie nje?" nikamuuliza kwa sauti nzito, kama mtu wa bodi.

"Huo ni utaratibu wa ofi..."

Nikamvuta nywele.

"Aa! Unaniumiza wewe!"

"Nani aliamua?"

"Tuli..."

Nikavuta tena. Mteja wangu mmoja, mama muuza vitambaa aliyekuwa chini ya draya, akachomoa kichwa. "Mwanangu, sema ni wewe, la sivyo utatoka humu kipara."

Tulicheka mpaka machozi. Dada naye alicheka, kisha akawa anajitazama kwenye kioo. "Lakini mdogo wangu," akasema, "mengine kweli sikuamua mimi."

"Hayo si ya kuwaambia. Kila kitu sema mimi, basi."

Siku ya mtihani mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Akavuta mchoro wa zahanati, akaweka kidole kwenye chumba cha kusubiri wagonjwa.

"Jua la alasiri linaingia humu moja kwa moja. Watu wanakaa na homa zao wakiungua. Nani aliamua?"

Dada aliijua zahanati ile kama kiganja chake. Mwanzo chumba hicho alikiweka upande wa kivuli. Mwenye jengo akataka kivuli kile aegeshe gari lake, Bosi akasema geuza. Akisema Bosi, ameanguka. Akisema mimi, kama nilivyomfundisha, ni uongo. Ananiambia alitafuta jibu la katikati akalikosa, kwa sababu alikuwa amechoka mno hata kutunga.

"Nilichora mimi," akasema. "Niliambiwa nigeuze, nikageuza. Nilijua wagonjwa wataungua."

"Hukubisha?"

"Sikubisha."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kwenda nyumbani."

Yule mama akavua miwani. "Na ukipata leseni, utakuwa hujachoka?"

"Nafikiri nitachoka zaidi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitabisha hivyo hivyo, nimechoka."

Aliponisimulia nilipandwa na hasira, nusura nimrushie chanuo. Yaani mtu anatoka kwake asubuhi, kapendeza, kasukwa bure na dada wa watu, anakwenda mbele ya bodi kulalamikia uchovu! Sikumsemesha siku nzima.

Akafaulu. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Dada alitabasamu, akaomba maji ya kunywa. Leseni ilipotoka akachongesha muhuri wenye jina lake, nami nikajigonga nao mkononi, nikakataa kunawa mpaka wino ulipofifia wenyewe.

Wiki iliyofuata Bosi alimwekea mezani michoro ya bweni la wanafunzi, iliyochorwa na kijana mwingine wa ofisini. Kazi zimekuwa nyingi, akamwambia, sasa tuko wawili wenye mihuri, gonga hapa, inatakiwa leo. Dada akaomba aisome kwanza. Bosi akacheka, akadhani anatania.

Alirudi nyumbani adhuhuri, na hilo peke yake lilitutia kiwewe.

"Umemwaga unga?" nikamuuliza.

"Sijui. Kasema nikae nyumbani mpaka aniite."

"Kwa ajili ya muhuri tu? Si ungegonga!"

"Watoto watalala ghorofa tatu, ngazi ni moja. Moto ukishika pale chini hawatoki." Aliongea polepole, bila ukali wowote. "Nimemwambia iongezwe ngazi ya pili. Anasema mwenye jengo hataki."

Mama alimpakulia chakula. Dada akala kidogo kidogo, mkono umeshika kichwa. Nikamuuliza kama hamna namna ya kuelewana na Bosi, maana nyumba hii inakula kwa mshahara wake kuliko kwa nywele ninazosuka mimi. Akasema Bosi ameahidi atagonga muhuri wake mwenyewe, kwa hiyo kesho asubuhi na mapema yeye Dada atakwenda kuwaona wanaotoa vibali vya ujenzi, awaambie kuhusu ile ngazi.

"Ukienda huko hatakuita tena," nikamwambia.

"Najua."

Nilijisikia fahari naye, na nilimwonea huruma, na kusema kweli huruma ndiyo ilizidi. Nikamuuliza aamshwe saa ngapi.