Kifaa cha Kusomea Migombani

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu Jumapili moja ya mwezi wa nane, mimi na mama tukiwa ndiyo kwanza tumetoka misa ya kwanza, akaniambia nichague kifaa cha kusomea vitabu. Nichague nikipendacho, naye atakinunua.

"Najua huko juu hakuna duka la vitabu," alisema. "Wewe soma, linganisha, uniambie. Bei niachie mimi."

Nilimshukuru kwa dhati. Sikujua kwamba nitachukua karibu miezi minne kumjibu, wala kwamba jibu lenyewe litasomwa mbele ya watu.

Mimi ni mtoto wa mwisho. Kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki katika nyumba ya baba. Anamtunza mama, na kihamba kinakuwa mikononi mwake: shamba la ukoo pamoja na nyumba, migomba, kahawa na makaburi. Wakubwa hutafutiwa mahali pengine au hujitafutia. Baba alipofariki, nilikuwa nimemaliza shahada ya ualimu miezi mitatu kabla. Nilikuja kumzika nikiwa na begi moja. Msiba ulipokwisha, kaka na dada zangu walirudi Dar es Salaam, nami nikaombwa nikae kidogo, mpaka goti la mama lipone. Goti halikupona. Nilikuwa katika mwaka wa tatu wa kukaa kidogo.

Hakuna aliyenifungia mlango, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, nikafungulia maji ya mfereji zamu yetu ilipofika, nikapogoa kahawa. Jioni nilisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, hadi herufi zikaanza kuogelea. Nilipenda kazi ile na nilimpenda mama. Hata hivyo, kila nilipopanda hadi kona ya juu ya kihamba, ambako tambarare yote huonekana hadi inapogeuka bluu, nilihisi kama mtu aliyesahauliwa ndani ya chumba ambacho wengine wanaamini amekipenda.

Mwezi wa tisa nilipata barua. Shule moja ya bweni mkoani Tabora ilikuwa na maktaba iliyofungwa miaka mingi, vitabu vikiwa bado ndani, na ilitafuta mwalimu wa Kiswahili ambaye angeifungua upya. Nafasi ilikuwa yangu kama ningeikubali kabla ya katikati ya Januari. Nilipokuwa chuoni niliapa kwamba nitafundisha mahali ambapo walimu hawataki kwenda. Sasa mahali hapo palikuwa pameniandikia. Niliikunja barua, nikaiweka ndani ya kamusi, na sikumwambia mtu wa nyumbani.

Tangu siku hiyo, kuchagua kifaa kukawa jambo gumu. Kila maelezo niliyoyasoma yaliuliza swali lilelile kwa njia tofauti: utakitumia wapi, kwa muda gani, katika mazingira gani?

Niliteremka mjini kuangalia. Katika duka moja la Majengo, muuza simu alinisikiliza kwa subira, mkono shavuni.

"Ngoja nikuelewe, mangi. Unataka kitu cha kusoma tu?"

"Cha kusoma tu. Kile ambacho kioo chake hakiumizi macho, kinafanana na karatasi."

"Hakina muziki?"

"Hakina."

"Mpira hakioneshi? Picha hakipigi?"

"Hakipigi."

"Rangi je?"

"Nyeusi na nyeupe."

Alimgeukia mwenzake aliyekuwa akitengeneza simu kwenye meza ya nyuma. "We, sikia. Huyu braza anataka kujinunulia adhabu!" Walicheka, nami nikacheka. Kisha akanitolea kishikwambi kilichong'aa kama sahani. "Chukua hiki. Kina vitabu, kina kila kitu. Wateja wangu wananunua hivi ili wasisome, lakini wewe ukitaka kusoma hakikukatazi."

Nilikishika, nikakirudisha. Nilijijua. Ningeanza na ukurasa mmoja na kumalizia kwenye video za mapishi.

Kutoka pale nilikwenda Njoro kwa rafiki niliyesoma naye chuo, mwalimu katika shule ya mjini. Yeye ndiye aliyenipa habari za nafasi ya Tabora, na yeye peke yake alijua kuhusu barua. Alikuwa na kifaa kidogo cha aina niliyoitafuta, chepesi kama daftari la shule ya msingi. Nilikifungua pale barazani kwake, jua likipiga moja kwa moja, na herufi zikabaki zimetulia. Nilisoma kurasa kumi bila kuzungumza naye, jambo ambalo lilikuwa utovu wa adabu.

"Maji hakistahimili," aliniambia, "na kimefungwa na duka moja. Vitabu vyangu vyote vimetoka huko huko. Tena ukiyasoma masharti, hununui kitabu. Unapewa ruhusa ya kukisoma. Huwezi kumuuzia mtu, huwezi kumrithisha mtoto."

Nilifikiri juu ya kihamba, ambacho nacho hakuna anayekiuza, na ambacho kila mmoja wetu amekishika kwa ajili ya anayefuata. Tofauti ni kwamba kihamba kinarithishwa hata kwa asiyekiomba.

"Kuna kile kikubwa," aliendelea. "Hakiogopi mvua, kina mwanga wake, kinapokea faili kutoka popote. Lakini ni kizito, na ni kitu cha mtu aliyetulia nyumbani. Mtu wa safari anachukua kidogo." Akanitazama. "Wewe ni yupi?"

"Bado nalinganisha."

"Unalinganisha tangu mwezi wa nane! Watu wanachumbia na kuoa kwa muda huo."

Aliniwekea chai, tukaongea habari za shule.

Kaka alikuwa akiuliza kila wiki. Nilimpa sababu za kisomi: nilikuwa nasoma maoni ya watumiaji, nilitaka kujua toleo jipya lina ubora gani. Kuchelewa kuchagua ndiyo sehemu pekee ya maisha yangu iliyokuwa mikononi mwangu, na niliishikilia. Mwishoni mwa Novemba alipiga simu mchana, sauti yake ikiwa ya haraka.

"Mdogo wangu, rafiki yangu aliye ng'ambo anarudi Ijumaa, ndiye atakayekileta. Akishapanda ndege basi, mpaka mwakani. Niandikie leo. Kifaa cha namna gani, na kwa nini."

Mvua za vuli zilikuwa zimekatika muda huo huo. Niliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, matone yakianguka kutoka kwenye majani ya migomba, nikaandika kama nilivyofundishwa kuandika: kwa mpangilio na kwa ukweli. Nilisema kifaa kiwe kisichoharibiwa na maji, kwa kuwa migomba huendelea kudondosha hata mvua ikishapita. Kiwe na mwanga wake chenyewe, kwa kuwa nyumba yetu huwa na giza hata saa sita mchana. Chaji ikae wiki kadhaa, kwa sababu ya umeme wetu. Kipokee vitabu kutoka popote, nisifungwe na duka moja. Mwisho niliandika: "Na kiwe imara, kiweze kunitumikia hapa nyumbani kwa miaka kumi."

Nilijiambia kwamba naeleza kifaa tu, na kwamba hata kikubwa huingia kwenye begi la kwenda Tabora. Nilikuwa nimeulizwa ninaposomea, nami nikajibu ninaposomea. Nilituma.

Desemba watu wa kwetu hurudi kutoka kila pembe ya nchi, na barabara ya kupanda kijijini hujaa magari yenye vumbi la safari. Kaka alifika na familia yake, dada zangu nao wakafika. Siku ya pili baada ya Krismasi tulichinja mbuzi. Baba mdogo, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu, alikuja asubuhi na mapema. Nilipopeleka maji kwa ng'ombe niliona fungu la masale mabichi limelazwa kando ya mfereji, vipande vilivyokatwa vizuri kwa ajili ya kupandwa. Masale ndiyo mimea yetu ya mipaka. Yakishapandwa baina ya kihamba na kihamba, hayang'olewi. Nilidhani baba mdogo anajaza mapengo ya upande wake.

Mchana, tukiwa tumeketi uani na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikizunguka, kaka alisimama na simu mkononi.

"Sikilizeni msomi wetu," alisema. "Nimemuuliza anataka kifaa gani. Sikilizeni alivyoniandikia."

Akausoma ujumbe wangu wote. Aliusoma vizuri, akipumzika kwenye kila nukta, na kila sababu ilipata kicheko chake. "Migomba huendelea kudondosha!" dada yangu alirudia, akipiga makofi. "Giza saa sita mchana! Mama, nyumba yako imesemwa." Kaka alipofika kwenye miaka kumi alishusha sauti, kama padri anapofika mwisho wa somo.

"Hapa nyumbani, miaka kumi," alisema baba mdogo. "Basi huyu amekaa. Mimi nilikuwa na wasiwasi naye, nasema kweli. Vijana wa chuo."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameweka mkono juu ya goti lake bovu, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu tumzike baba. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile mama naye alikuwa akisubiri jibu, na hakuwahi kuthubutu kuuliza. Sasa alikuwa amelipata, kwa maandishi, na kila neno lake lilikuwa la kweli.

Kaka alinikabidhi boksi. Nilipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kile kikubwa.

"Haya, tukapande," alisema baba mdogo, akainuka.

Tulikwenda wote hadi mpakani, mama akiegemea bega la dada. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa. Baba mdogo alinipa kipande cha kwanza cha isale mkononi, kwa sababu ni mwenye kihamba anayepanda. Nilikishika. Nilijua kwamba nikikiweka ardhini bila kusema, nitakuwa nimesema uongo kwa mkono wangu, ilhali ujumbe wangu haukuwa na uongo hata mmoja.

"Baba mdogo, naomba nisubiriwe," nilisema. "Nina barua ya kazi. Nimeitwa kufundisha Tabora. Wanataka nianze Januari."

Wa kwanza kusema alikuwa kaka. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa! Nami nakupigia simu kila wiki, unaniambia habari za betri?"

"Kaka, nilitaka..."

"Ulitaka nini? Sema. Ukiondoka wewe, nani anakuja? Mimi nifunge duka? Au dada zako waache waume zao?"

Aliuliza kwa hasira, lakini lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nimekaa nalo miezi minne bila kupata jibu. Baba mdogo alitazama ardhi. Watoto wa kaka walikuwa wakikimbizana kwenye mfereji.

Mama hakupandisha sauti. "Panda kwanza, baba," aliniambia. "Mengine utayasema ukimaliza."

Mpaka leo sijui kama kwa maneno hayo alinifungua au alinifunga. Inawezekana alitaka tu mpaka wa mumewe usibaki wazi mbele ya watu. Nilipiga goti, nikapanda kipande cha kwanza, nikakishindilia udongo, nikapewa cha pili. Vilikuwa kumi na vinne. Kufikia cha tisa wengine walikuwa wameanza kurudi uani, kwa kuwa nyama ilikuwa tayari. Nilipomaliza nilikuwa peke yangu na baba mdogo, ambaye alikusanya jembe na panga zake, akanigusa bega, akaondoka. Hakuna aliyeniambia niendelee kusema.

Nilisubiri hadi wageni waliporudi mjini. Juma la kwanza la Januari, mama akiwa anamenya ndizi jikoni, niliketi karibu naye nikamwambia tena, kwa Kichagga, ambacho sina maneno mengi ya kisomi ndani yake. Nilisema kuna watoto wananisubiri. Aliendelea kumenya.

"Nenda," alisema hatimaye. "Nikianguka, baba yako mdogo atanisikia."

Kutoka jikoni kwetu hadi nyumba ya baba mdogo hakuna sauti inayofika. Alijua, nami nilijua.

Niliandika barua mbili, ya kukubali na ya kukataa, zote nikazijenga kwa uangalifu. Ya kukubali ilikuwa nzuri zaidi. Nilituma ya kukataa. Nimejaribu mara nyingi kuiita dhabihu, na mara nyingine kuiita woga, na kwa uaminifu ninaoujua siwezi kuapa kwa jina lolote kati ya hayo. Shule ilinijibu kwa heshima kwamba nafasi imechukuliwa na mwingine, na kwamba maktaba itafunguliwa baada ya Pasaka.

Mama hakuniuliza nilituma ipi. Asubuhi iliyofuata alinipa panga na kuniambia mkungu wa kona ya juu umekomaa, niukate kabla ngedere hawajauona.