Udi Wangu na Kipimo cha Juu ya Paa

Mwanamke mwingine ndiye aliyenikataza kuchoma udi nyumbani kwangu, hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku Uchina. Alikuwa mtu wa kwetu, anasoma na mume wangu chuo kimoja. Somo lao ni hewa chafu. Walikuwa wameweka kipimo juu ya paa, dirisha letu likiwa chini yake tu, na kila nilipofukiza nguo za mume wangu, mstari kwenye kompyuta yao uliruka.

"Wifi, naomba udi uache kidogo, mpaka tumalize utafiti," aliniambia huku anatabasamu.

Wifi! Kwani yeye na mume wangu wamezaliwa tumbo moja? Nikamtazama mume wangu anitetee. Akasema, "Ni kwa muda tu, mke wangu." Chetezo nikakipandisha juu ya kabati, na wivu nikabaki nao.

Kila alasiri walikuwa huko juu. Mimi narudi kutoka soko la jumla la Zhanxi na mizigo ya viatu, jasho linanitiririka, nasikia vicheko juu ya kichwa changu. Siku moja nikapanda, chai ikiwa kisingizio.

"Mbona hewa ya mji imesafishwa na joto ndio linazidi?" nilimuuliza mume wangu.

Akajibu yule dada. Ule moshi wa makaa ya mawe uliotanda zamani, alisema, ulikuwa unaua watu, lakini pia ulikuwa unarudisha angani sehemu ya mwanga wa jua. Sasa umepungua, na joto ambalo gesi za makaa na mafuta zimeshalirundika linajitokeza. Hata haya mabasi ya umeme yanayopita bila moshi, sehemu ya umeme wake bado inatoka kwenye makaa yale yale.

"Kwa hiyo tubaki na uchafu?"

"Hapana, wifi. Tusafishe, na gesi nazo tuzipunguze. Kimoja bila kingine hakitoshi."

Mume wangu alikuwa anamtazama kama alivyokuwa akinitazama mimi zamani, nikivutana bei na Wachina. Nilimwonea wivu yule dada kwa akili zake kuliko kwa uzuri wake, na mzuri alikuwa mzuri, Mungu ananiona.

Utafiti ukaisha. Kipimo kikashushwa, yule dada mwenye nacho akarudi Dar es Salaam. Jioni ile mume wangu akaniteremshia chetezo mwenyewe.

"Haya, choma udi wako."

Nikaoga, nikajifunga kanga mpya, nikatoa udi uliobaki wa harusi yetu. Moshi ukapanda taratibu. Mume wangu akainuka, nikadhani anakuja kwangu. Akaenda kufungua dirisha, moshi utoke.