Mutumbwi Hauna Inje

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mujinga wa mayi. Batu ba Kyavinyonge balipenda kunicheka, ati mutu wa Butembo anajua duka na baridi tu, ziwa atalijulia wapi? Mais lakini mutumbwi ule niliujenga kwa mikono yangu, mimi fundi wa mbao, na mbao zenyewe zilitoka Kasugho. Mwenzangu, Mwislamu mumoja wa Beni mwenye kusafirisha chumvi na samaki, ndiye aliushusha ziwani na camion yake, lori ya mizigo. Tulikuwa nao pamoja, mimi na yeye. Mafuta ya essence yalipoanza kukosekana tulitoa moteur, tukasimamisha mulingoti, tukashona tanga la bâche ya kufunikia mizigo. Balicheka tena. Siku upepo ulipotusukuma mbele yao, bakanyamaza.

Donc basi, si ujinga. Ingekuwa ujinga ningesema, maana mutu anasamehewa ujinga.

Mwaka ule bibi yangu alikuwa na mimba ya kwanza, Butembo, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Mama yake alikuwa Luofu, na barabara ilikuwa imefungwa na vita. Kwetu mimba ya kwanza inapokelewa na mama. Yeye ndiye anamushika mutoto wake mugongo, yeye ndiye anaogesha mujukuu. Bibi yangu alikuwa na woga wa kufa. Kila nilipopiga simu alisema neno moja tu: "Niletee mama." Hakuuliza chumvi inaendaje, hakuuliza kama nimekula.

Njia iliyobaki ni ziwa. Mama mukwe angeshuka toka Luofu mpaka Kamandi, kwenye ufuko, mimi nimuchukue pale na tanga mpaka Kyavinyonge, kisha motari, mutu wa pikipiki, atupandishe Butembo. Ni siku nzima juu ya mayi. Na mayi ya ziwa hayanywewi hivi hivi, kolera imeshamaliza batu wengi kule. Kushuka njiani vilevile hapana: ufuko mzima ni parc ya wanyama, kuna viboko, na siku hizi kuna batu ba bunduki pia. Kwa hiyo mayi ya kunywa lazima yapande nasi.

Hapo ndipo shida ilianzia. Tangu nilipomaliza kupeleka mbuzi za mahari, sikuwahi kumuangalia mama ule usoni. Hatukukosana, hata kidogo. Ndiyo heshima ya bukwe. Hatupeani mukono, hatukalii kiti kimoja, hatuzungumzi bila mutu wa katikati. Na kupita yote: mukwe haoni kinywa cha mama mukwe kikifunguka, si kwa bugali, si kwa mayi. Batoto ba leo banacheka mambo hayo. Mimi nililelewa nayo.

"Wewe na mama mukwe ndani ya mutumbwi moya?" mwenzangu alisema, akishika tumbo kwa kicheko. "Yo! Mutafunga rideau, pazia ya nyumba?"

Alitania, mais mimi nilishika neno lake.

Nilikuwa na pipa la plastiki, lile la bluu lenye kifuniko. Nilianza kuliweka nyuma, karibu na usukani. Mutumbwi ukakaa kama mbwa, pua juu. Nikalileta katikati, chini ya mulingoti, na hapo kusema kweli ulikaa vizuri kabisa, sawasawa. Mwenzangu akasema, "Acha hapo. Ao afazali, toa pipa, panga bidoni ndogo ndogo za plastiki hapo chini. Moya ikiisha, unajaza mayi ya ziwa, uzito unabakia palepale."

"Na mama atakunywa wapi? Mbele ya macho yangu?"

Akaacha kubishana. Yeye pia ana mama mukwe.

Nikalipeleka pipa mbele kabisa, nikafunga kitenge kwenye mulingoti, kikawa ukuta: mama huko na mayi yake, sisi huku. Pua ikazama. Nikarudisha mifuko ya chumvi nyuma, ikapanda kidogo. Uzito uliobaki niliufanyia calcul, hesabu ya kichwa. Nililijaza pipa mpaka juu, kwa sababu mayi ya nusu inatembea na inaweza kuyumbisha mutumbwi, halafu nikajiambia: jua ni kali, mama atakunywa, atanawa uso, kufika saa sita pua itakuwa imepanda yenyewe. Nilijisikia mukubwa sana. Nilimuambia hata bibi yangu kwa simu, nimemujengea mama yako chumba juu ya mayi.

Asubuhi, Kamandi, mama alipanda huku ameinamisha kichwa, nami nikatazama upande wa milima. Ni mwanamuke mwenye mwili, mukulima, mikono mipana. Akapita nyuma ya kitenge.

"Muambie mama," nikamuambia mwenzangu, "mayi ni safi, tulichemusha, kikombe iko juu ya pipa, asisikie haya."

"Mama, mukwe yako anasema kunywa, hakuna haya."

"Muambie mukwe yangu, wasingya," akajibu, yaani asante kwa Kinande chetu.

Na kweli, punde nilisikia kikombe kinagonga pipa. Ko. Baadaye tena, ko. Kila niliposikia nilimukonyeza mwenzangu. Unasikia? Chumba kinafanya kazi! Yeye alikunywa kwenye bidoni yake iliyofungwa kwenye mulingoti, nami nilikunywa humo humo, kwa kujificha, kwa sababu mimi pia nina kinywa.

Jua lilipanda. Hakuna kivuli juu ya ziwa, tanga linakutupia kidogo halafu linakinyang'anya. Mwenzangu aliimba, akachoka, akalala. Kikombe kiliendelea kugonga, mara chache chache.

Alasiri upepo ulishuka toka milimani, ule ambao ba Kyavinyonge banauogopa. Mutumbwi ukaanza kuchimba pua ndani ya mawimbi kama nguruwe anayetafuta viazi. Usukani haukusikia tena. Nikakasirika, na mimi nikikasirika kinywa kinatangulia akili. Nikasema kwa sauti, wala si kwa kunong'ona: "Mutu anakunywa tangu asubuhi, na hii pua haipande! Hayo mayi atayamaliza siku gani?"

Mwenzangu akafungua macho makubwa. Nyuma ya kitenge kikombe hakikugonga tena.

Eh Mungu wangu. Hata sasa, nikiwa peke yangu ninapiga randa, neno lile linanirudilia na ninasimama.

Sikupata muda wa kulijutia. Wimbi likaingia, likajaza mbele mpaka magoti, na kitenge kikang'oka. Nikasahau bukwe. "Mama! Njoo huku nyuma! Njoo haraka!" Ndilo neno la kwanza nililomuambia mama ule mimi mwenyewe. Akaja akitambaa juu ya mbao, akakaa pembeni yangu, goti lake kwenye goti langu. Nikamuona uso. Midomo ilikuwa imepasuka, nyeupe, kama ya mutu wa malaria. Nikafikiri ni woga.

Nikamupa mwenzangu usukani, nikaenda mbele kupunguza uzito. Nikafungua kifuniko.

Mayi yalikuwa juu kabisa, pale pale nilipoyajaza. Kikombe kilikuwa kimegonga kifuniko tu siku nzima, hakikuingia ndani hata mara moja.

Kwetu mutu mwenye adabu hasemi anaenda kukojoa. Anasema anatoka inje. Nilishika lile pipa na neno hilo likanifikia: inje. Mutu akikunywa lazima atoke inje, na ndani ya mutumbwi hakuna inje. Nilipima uzito, nilipima mulingoti, nilipima mpaka jua litakavyokula mayi. Huyu mwanamuke alikaa na mayi safi kwenye magoti yake, bila kuyagusa, asije akamuvunjia mukwe wake heshima. Na alikuwa anagonga kikombe ili mukwe asihuzunike.

Nikachota kikombe kimoja, nikageuka nimupelekee. Wimbi lingine likatuinua, kikombe kikanitoka mukononi.

"Mwanga mayi!" mwenzangu alipiga kelele. "Mwanga yote, tutakufa!"

Nikalisukuma pipa. Mayi yote yaliyochemshwa, yote safi, yakaingia ziwani, na mama anaangalia. Mutumbwi ukapumua, pua ikapanda, tukawa sawa kabisa, ule usawa niliokuwa ninautafuta tangu mwanzo. Wanasema mayi ikimwangika haizoleki. Mimi yangu niliyamwanga mbele ya mutu mwenye kiu.

Mwenzangu akamupatia bidoni yake. Mama akaisukuma taratibu kwa mukono. "Nilikunywa," akasema.

Nilikuwa nimerudi kukaa nyuma, nikataka kugeuza uso ili anywe, lakini goti langu lilikuwa kwenye goti lake, na hakukuwa na mahali pa kugeukia. Tulifika Kyavinyonge jua likizama. Bamama ba pale balimupokea, bakamupeleka nyuma ya nyumba, na aliporudi walimushika kwa mikono yote miwili. Hakuweza kusimama. Mayi waliyomupa aliyatapika. Kwenye pikipiki nilimufunga katikati ya motari na mimi, kwa kitenge kile kile, ili asianguke.

Butembo, kwenye maternité, nyumba ya kuzalia, bibi yangu alikuwa ameshazaa. Jirani ndiye alimushika mugongo, jirani ndiye aliogesha mutoto. Mama aliyekuja kusaidia akalazwa kitanda cha pembeni, sérum inatiririka kwenye mushipa wa mukono, na mutoto hakupewa, maana hakuwa na nguvu ya kumushika.

Muganga mwanamuke alimufinya ngozi ya mukono, ikabaki imesimama. "Huyu mama hakukunywa mayi siku nzima," akasema. Akatuangalia sisi wote. "Hamukuwa na mayi?"

Nilikuwa mulangoni. Nilifungua kinywa, nimuambie.

"Ilikuwako," mama akasema toka kitandani, sauti imekauka. "Mukwe yangu alinijazia pipa muzima. Nilikunywa mpaka nikashindwa."

Bibi yangu akacheka, na mutoto kifuani. "Si nilikuambia, mama? Bwana yangu anajua kuchunga mutu." Akaniangalia kwa macho ambayo alikuwa hajawahi kunipa.

Mama mukwe akageuza uso kwenye ukuta. Muganga akaniangalia, akangoja.

Mimi nikatoka inje.